Neno la Kiingereza la kumtaja tapeli

Ndugu yangu, pole sana. Umeeleza kwamba mtu alikuuzia simu katika soko la Owino, Kampala, ukafungua boksi nyumbani na kukuta kipande cha sabuni, na sasa unauliza kama katika maelezo yako ya polisi umwite "thief" au "robber". Nakusihi usiandike "robber", kwa sababu huyo ni mnyang'anyi anayetumia nguvu au vitisho, na askari atakuuliza habari za silaha au jeraha ambalo halipo. "Thief" ni mwizi anayechukua bila mwenye mali kukubali, ilhali wewe ulitoa pesa kwa mkono wako, ukiamini uongo.

Huyo ni "conman", yaani tapeli. Neno hilo ni kifupisho cha "confidence man", jina alilopewa William Thompson katika gazeti la New York mwaka 1849, kwa kuwa aliwauliza watu barabarani kama walikuwa na imani ya kumwachia saa zao hadi kesho yake, kisha akatoweka nazo.

"Burglar" ni mvunja nyumba, na sheria ya Uganda huliita kosa hilo "burglary" likitendwa usiku tu. Kosa hilo halihusiani na kisa chako.

Katika maelezo, hata hivyo, matendo yana uzito kuliko jina: andika alichokuahidi, kiasi ulicholipa na ulichokuta, kisha utaje "obtaining money by false pretences", yaani kujipatia pesa kwa udanganyifu, kosa ambalo polisi wetu wanalifahamu vizuri.