Pini inagusa upande mmoja: kwa ninyi mnaoanza kukokotoa mguso

Pini ilikuwa ya milimita 50, imechomolewa kwenye bawaba ya lango la kushushia magari la kivuko. Fundi aliipangusa kwa kitambaa akaigeuzageuza juani, hapa Mwanza, mita chache tu kutoka kwenye maji. Upande mmoja ulikuwa umesuguliwa hadi unang'aa. Upande wa pili, grisi nyeusi ilikuwa imeganda vilevile ilivyopakwa.

Mimi nilikuwa na laptop yenye picha ya mkazo (nguvu kwa eneo ndani ya chuma) wa bawaba hiyohiyo, na kwenye picha yangu pini ilishika tundu mzunguko mzima. Nilikuwa nimegandisha nyuso mbili kwa gundi ya programu, kwa kuwa ndiyo njia rahisi na hesabu haigomi. Kwa hiyo upande uliotakiwa kuachia ulikuwa unavuta, na mzigo ukagawanyika pande zote. Chuma kilichokaa tu kwenye tundu hakivuti. Kinasukuma au kinaachia. Mkazo wangu ulitoka mdogo kuliko ulivyo, na kosa la upande huo ndilo baya zaidi, maana juu ya lango lile wanapita watu na malori.

Wadogo zangu, programu ya elementi finiti, inayokata kitu kuwa vipande vidogo (elementi) na kukokotoa kila kimoja, haijui kwamba vitu viwili vinagusana. Usipoiambia, kipande kimoja kitapita katikati ya kingine bila upinzani wowote. Kazi yako ni kutaja jozi: uso huu na uso ule. Mmoja unakuwa mkuu, mwingine mfuasi. Kwa njia ya kawaida, programu inachukua nodi (pointi za kona za elementi) za mfuasi na kuuliza kila moja kama imevuka uso wa mkuu. Nodi za mkuu haziulizwi. Kwa hiyo mpe mfuasi meshi, yaani mtandao wa elementi, yenye vipande vidogo zaidi, na umkuu uende kwa uso mgumu au wenye meshi kubwa. Ukigeuza, kona za mkuu zitazama ndani ya mfuasi katikati ya nodi mbili na hutapata onyo.

Sasa hapa pa meshi naomba mkae kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapopoteza wiki. Chukua pini ya nusu kipenyo milimita 25 na tundu la milimita 25.1. Kwenye mchoro kuna nafasi ya 0.1 kuzunguka pande zote. Ukigawa duara la tundu kwa elementi 16 za mstari ulionyooka, hilo si duara tena, ni umbo la pembe 16. Nodi zimekaa kwenye duara, lakini katikati ya kila upande umbali hadi kitovu ni 25.1 mara kosaini ya nyuzi 11.25, yaani kama milimita 24.62. Kona ya pini yenye 25 ikiangukia hapo, imeshazama karibu milimita 0.38 kabla hujaweka hata kilo moja ya mzigo. Programu itaisukuma nje kwa nguvu, na utaona mkazo wa kutisha usiotokana na mzigo wowote. Gawa kwa 72 na pengo kati ya upinde na upande ulionyooka linashuka hadi kama 0.024, ambalo nafasi yako inaweza kulibeba. Kabla ya kukokotoa chochote, iambie programu ikuonyeshe nafasi na kupenyana kwa mwanzo.

Ugomvi wa pili ni kuelea. Pini yenye nafasi pande zote, ukiisukuma kwa nguvu katika hesabu tuli, haina kinachoizuia mpaka iguse. Programu inalalamika kuhusu matriki (jedwali la milinganyo yake halitatuliki), na mgeni anaanza kuchezea namba za mguso. Aziache. Aisogeze pini hadi iguse, au hatua ya kwanza aisukume kwa umbali badala ya nguvu, au aifunge kwa springi laini sana kisha ahakikishe springi hiyo haibebi mzigo wa maana.

Ugumu wa mguso wenyewe ni kama springi kati ya nyuso. Ukiwa mdogo, vitu vinapenyana. Ukiwa mkubwa mno, hesabu inayumba, mguso unafunga na kufunguka bila kutulia. Upandishe mara kumi: mkazo usipobadilika, unatosha. Msuguano uache sifuri mpaka hesabu isiyo na msuguano ikamilike.

Na kabla ya kunionyesha bawaba, nionyeshe tufe. Heinrich Hertz alitoa jibu la mguso wa vitu vinavyonepa mwaka 1882, na bado ndilo tunalopimia. Tufe la chuma la nusu kipenyo milimita 10 likikandamizwa kwa niutoni 100 juu ya bapa la chuma hugusa duara la nusu kipenyo kama milimita 0.187, na mgandamizo wa katikati ni kama megapaskali 1,370. Zidisha nguvu mara nane, mgandamizo unaongezeka mara mbili tu. CalculiX, programu ya elementi finiti, ni ya bure na inalifanya zoezi hili kwenye laptop ya kawaida. Weka elementi kama kumi ndani ya hiyo 0.187, la sivyo hutaona kilele. Hifadhi kila hatua pia. Umeme ukikatika usiku hutaki kuanza upya.

Bawaba niliirudia: nafasi halisi, meshi ya 72, bila gundi. Nikajumlisha nguvu za egemeo (pale bawaba iliposhikiliwa), zikalingana na mzigo. Mguso ulishika sehemu tu ya mzunguko, na mkazo wa juu ukakaa palepale fundi aliponionyesha pamesuguliwa. Nilimpelekea picha hiyo. Akaiweka pini kando ya laptop, akaigeuza mpaka mng'ao ukalingana na rangi nyekundu, kisha akaniuliza tundu limechakaa kiasi gani. Tukachukua kipimo tukaenda kulipima.