Kwa nini bingwa alikuwa yule yule?

SWALI: Shikamoo mzee. Marehemu baba yangu alisoma Moscow enzi za Wasovieti. Alikuwa akituambia kwamba ligi yao ya hoki ya barafuni bingwa alijulikana kabla msimu haujaanza. Je, alitia chumvi? Na ligi hiyo iliishia wapi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Marahaba mwanangu. Hakutia chumvi. Ligi ile ilianza Desemba 22, 1946, ikachezwa misimu 46, na CSKA, timu ya jeshi ya Moscow, ilitwaa ubingwa mara 32. Kuanzia 1977 hadi 1989 kombe halikutoka mikononi mwao, miaka 13 mfululizo.

Siri ilikuwa jeshi lenyewe. Kila kijana alidaiwa utumishi kwa mujibu wa sheria, basi mchezaji aking'ara mikoani, anaitwa jeshini, anavalishwa jezi ya CSKA. Sergei Makarov alitoka Traktor ya Chelyabinsk, Igor Larionov akatoka Khimik ya Voskresensk. Timu zilizowalea zikabaki mikono mitupu. Mimi naiona dhuluma hadi leo, ingawa vijana wale wakianza kupasiana, pumzi ilikukatika.

Nilikuwa mwanafunzi Kiev msimu wa 1984/85. Tulikaa safu za juu za Jumba la Michezo, makoti hatuvui. Kile kisahani cheusi cha mpira mgumu, wanachokipiga kwa magongo, macho yangu hayakukiwahi. Nilisubiri kigonge ubao wa pembeni, pwaa! kama teke kwenye mlango wa bati, ndipo nijue kiko wapi. Mwaka ule Sokol ya Kiev ilishika nafasi ya tatu, na bwenini kwetu hakulala mtu. Lazima uelewe: katika historia yote ya ligi ile, hakuna timu ya nje ya Moscow iliyowahi kuwa bingwa. Dinamo ya Riga ilijitahidi 1988, ikaishia ya pili.

Mwaka 1989 milango ikafunguka. Larionov, Makarov, Vladimir Krutov na Vyacheslav Fetisov wakaenda kucheza Amerika Kaskazini, na CSKA ikapoteza taji msimu uliofuata. Desemba 1991 nchi yenyewe ikavunjika, ligi ikiwa katikati. Waliimalizia hivyo hivyo, 1992, na kombe la mwisho likaenda kwa Dinamo ya Moscow, timu ile ile iliyobeba la kwanza mwaka 1947.