Seli shina haziletwi kwa basi

SWALI: Shikamoo daktari. Mama yangu ana miaka 61, ana kisukari na magoti yanamsumbua. Shoga yake wa kikoba kamuuzia vifuko vya unga wa seli shina, boksi shilingi 280,000, anaweka chini ya ulimi kila asubuhi. Kaambiwa zitamtengenezea kongosho jipya, aache metformini, dawa yake ya sukari. Magoti kweli yamepoa. Tuendelee? (Msomaji, Makorora, Tanga)

JIBU: Marahaba. Metformini airudie leo, na kesho kabla ya chai mpeleke hospitali ya Bombo akapimwe sukari.

Hili la vifuko naulizwa karibu kila wiki, na nimechoka kulijibu kwa upole. Seli shina ni kitu hai: ni seli changa za mwili zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Hospitali zikizihifadhi huzigandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, ambayo ubaridi wake ni nyuzi 196 chini ya sifuri. Huo unga wa mama umepanda basi kutoka Dar, umeshinda mkobani kwenye joto la Ngamiani, halafu tuambiwe ndani mna seli zinazoijua njia ya kongosho! Soma maandishi madogo: vingi ni dondoo la tufaha. Seli ya tufaha haigeuki kuwa ya mtu. Ingegeuka, wenzetu wa Lushoto wanaolima matufaha wasingezeeka.

Magoti? Maumivu yake huja na kuondoka yenyewe. Ila baadhi ya dawa za maumivu zinazouzwa kama virutubisho zimewahi kukutwa na deksamethasoni ya kificho, dawa kali ya kutuliza uvimbe. Hiyo hupoza viungo kweli, na sukari huipandisha kweli. Nendeni Bombo na kifuko kimoja, wakione.

Sisemi seli shina ni uongo. Kupandikiza uloto, yaani ule ute wa ndani ya mifupa wenye seli shina za damu, ni tiba hiyohiyo; imeponya watu saratani ya damu, na tangu 2023 Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, inawapandikizia watoto wenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu. Lakini kwanza apatikane ndugu wa kumtolea uloto anayelingana naye, na kwa kila ndugu wa baba na mama mmoja bahati hiyo ni moja kati ya nne. Kisha uloto wa mgonjwa unauliwa kwa dawa kali, analazwa wiki kadhaa akitengwa maana maambukizi madogo tu yanaweza kumuua, na hata baadaye seli za ndugu yake zinaweza kuishambulia ngozi na utumbo wake. Wengine hupoteza uwezo wa kuzaa. Anayekuapia kwamba ya kwake haina madhara hata chembe, sijui anauza nini.

Na wenye pesa wasijidanganye kwa kliniki za ng'ambo. Mwaka 2015 huko Florida, Marekani, wanawake watatu walidungwa machoni seli zilizotolewa kwenye mafuta ya miili yao. Walilipa dola 5,000 kila mmoja, na uoni wa macho yote mawili ukaharibika vibaya.

Wanaonikera kupita wote ni wale wanaowavizia wazazi wa watoto wa selimundu nje ya kliniki. Mtoto anaachishwa haidroksiyurea, dawa yake ya selimundu, miezi miwili anaramba unga, kisha analetwa usiku macho ya njano, analia mifupa. Mama yake kashika boksi, ananiuliza kama ampe vifuko viwili badala ya kimoja.