Siklidi wakizaana tangini: machotara usiowatarajia

Kama umeanza kufuga siklidi wa Ziwa Nyasa, hasa wale wa miambani wanaoitwa mbuna, jiandae kuona vifaranga mapema kuliko unavyodhani. Samaki hawa hawangoji msimu. Maji yakiwa safi na magumu kiasi, joto likiwa nyuzi 25 hadi 28 na chakula kikitosha, watataga tu. Furaha ya siku hiyo naijua, na simnyimi mtu. Ila kila anayenitumia picha ya vifaranga wake akitaka kujua ni aina gani, namjibu kwa swali: tangini mna akina nani? Mara nyingi mama anajulikana, baba hajulikani, na samaki wa pichani hafanani sawasawa na yeyote anayeishi ziwani.

Mfano ninaokutana nao zaidi ni wa Labidochromis caeruleus, yule wa njano mwenye mstari mweusi kwenye pezi la mgongoni, na Maylandia estherae wa rangi ya chungwa. Wote ni wazuri, wote wanapatikana kirahisi, na mgeni huwanunua pamoja kwa sababu rangi zao zinapendeza zikiwa tangi moja. Majina yao ya kwanza ni tofauti kabisa, kwa hiyo mtu huamini hawawezi kuzaana. Wanazaana vizuri sana. Watoto huwa na njano iliyofifia au chungwa hafifu, na ule mstari mweusi hukatikakatika au hupotea.

Ziwani hao wawili hawakutani. Yule wa njano anatoka upande wa Malawi, maeneo ya Lion's Cove. Estherae anatoka ng'ambo, upande wa Msumbiji. Mbuna ni samaki wa mawe, hawapendi kuvuka maji mapana wala mchanga mrefu, sembuse ziwa zima. Kilichowatenganisha ni umbali na uchaguzi wa jike. Damu zao bado ziko karibu mno, maana aina hizi ni changa sana kwa hesabu ya maumbile. Ndiyo maana ukiondoa umbali na ukambana jike, kinachobaki cha kuzuia ni kidogo.

Na tangi linambana jike kweli. Ziwani, dume asiyemtaka anamwacha na kwenda zake. Tangini hana pa kwenda, na dume mbabe huwafukuza madume wengine wote, hata wale wa aina ya jike huyo. Kisha tazama wanavyopandana: dume husafisha jiwe au huchimba kishimo, hujitikisa mwili mzima mbele ya jike, jike hutaga yai, hugeuka akaliokota kwa mdomo, halafu huchokoa yale madoa yanayofanana na mayai kwenye pezi la chini la dume, na hapo mbegu humwingia mdomoni. Ni kazi ya zamu, yai hili na lile, na dume mwingine anaweza kuingilia kati. Watafiti walipopima vinasaba vya mbuna wa ziwani walikuta vifaranga walioatamiwa mdomoni mwa jike mmoja wenye baba zaidi ya mmoja. Kwa hiyo hata ukimwona dume fulani akicheza na jike wako, usiape kwamba vifaranga wote ni wake.

Jambo ambalo wauzaji hawalisemi ni taa. Hapa somo letu lipo nyumbani, Ghuba ya Mwanza. Katika Ziwa Viktoria wapo furu (siklidi wa ziwa hilo) wawili wa miambani walio ndugu wa karibu: Pundamilia pundamilia, ambaye dume wake ni wa buluu, na Pundamilia nyererei, ambaye dume wake ana wekundu mgongoni, na ambaye mwaka 1985 alipewa jina kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Majike wao wanafanana sana. Mtafiti Ole Seehausen na wenzake waliwaweka majike hao chini ya mwanga mweupe, wakachagua madume wa aina yao. Walipowaweka kwenye mwanga wa rangi moja uliofuta tofauti ya wekundu na buluu, uchaguzi ukavurugika. Mwaka 1997 walieleza kwamba ziwani nako, palipochafuka maji kwa matope na mwani, rangi hufifia na aina huchanganyikana. Sasa fikiria zile taa za buluu tupu au za zambarau zinazowashwa usiku kucha ili tangi lipendeze sebuleni. Mimi nashauri taa nyeupe mchana, giza usiku, na maji yanayobadilishwa sehemu kila wiki ili yabaki angavu. Hilo peke yake halitoshi, lakini linampa jike nafasi ya kumwona anayemtaka.

Kinga kubwa iko dukani. Chagua aina chache, kila aina dume mmoja kwa majike watatu au zaidi, kuliko kubeba mmojammoja wa kila rangi. Samaki asiye na mwenzake ndiye atakayemfuata wa jirani. Epuka aina mbili zenye umbo na michirizi inayofanana. Kwa Aulonocara, siklidi wengine wa Ziwa Nyasa, kuwa mkali zaidi, kwa sababu majike wa aina zake nyingi ni wa kijivu wote, hata mzoefu hawatofautishi kwa macho. Ukitaka kuwachanganya kwa ajili ya rangi, weka madume watupu. Na jike uliyemtoa kwenye tangi la duka lenye mchanganyiko anaweza kufika kwako tayari ana mayai mdomoni. Vifaranga wa awamu hiyo usiwaite jina lolote.

Jike anayeatamia utamjua: koo limevimba, anakaa pembeni, analetewa chakula hali, na mara kwa mara anatafunatafuna kama anayegeuza kitu mdomoni. Ataendelea hivyo wiki tatu hivi. Kama baba humjui na huna nia ya kulea, mwache humohumo. Wakitemwa, wakubwa watawameza wengi wao, na gogogo (samaki wenye sharubu, jamii ya kambare) mmoja au wawili wakiwemo watakaobaki ni wachache. Najua wengine hili linawauma. Lakini kuwakuza mamia ya machotara bila kuwa na pa kuwaweka ni mateso makubwa zaidi.

Ukiamua kuwalea, walee vizuri, chakula kilichosagwa laini mara kadhaa kwa siku, na uwape tangi lao. Machotara si wagonjwa, na wengine ni wazuri ajabu. Ninachokisisitiza kwa nguvu zangu zote ni jina. Chotara wa kizazi cha kwanza anaweza kufanana na mzazi mmoja kiasi cha kumdanganya mnunuzi. Kizazi cha pili ndipo sura zinaposambaratika, na wakati huo samaki wako kwenye matangi ya watu wanne, kila mmoja akiamini ana mbegu safi. Ukimpa mtu, mwambie waziwazi, na umwandikie: mama huyu, baba hajulikani. Wapo samaki ambao ziwani wanaishi kwenye miamba michache tu, kama Chindongo demasoni wa Pombo Rocks upande wetu wa Tanzania. Aina ya namna hiyo, jina lake likishachafuliwa kwenye matangi, hakuna wa kulisafisha.

Nimeshaambiwa kwamba uchotara ni wa asili, na ni kweli. Utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ulionyesha kwamba furu wa Ziwa Viktoria, mamia ya aina, wametokana na mchanganyiko wa kale wa koo mbili, moja ya upande wa Kongo na nyingine ya upande wa Nile. Ila mchanganyiko ule ulipata ziwa zima na maelfu ya miaka ya kuchujwa. Wewe una lita mia mbili.

Basi wasimwagwe mtoni wala ziwani, hata kwa huruma. Katika miaka ya 1960 msafirishaji wa samaki wa mapambo alimwachia Cynotilapia afra kwenye kisiwa cha Thumbi West, kusini mwa Ziwa Nyasa, mahali ambapo hakuwa wa asili. Miongo mitatu baadaye watafiti walikuta amezaana na zebra wa pale, Maylandia zebra, ndani ya eneo ambalo leo ni hifadhi ya taifa. Na huyo alikuwa samaki wa ziwa lilelile, kahamishwa tu. Ukizidiwa, tafuta mfugaji mwenye tangi kubwa la maonyesho asiye na mpango wa kuzalisha, mpe na maandishi yake. Usipompata, watenganishe madume na majike uendelee kuwatunza; mbuna akitunzwa vizuri huishi miaka kadhaa, kwa hiyo panga nafasi hiyo kabla hujamwacha jike wa kwanza ateme vifaranga.