Kompyuta ya mezani haiwaki kabisa: pima waya wa zambarau kabla ya kununua mazabodi

Ndugu, umeeleza kwamba kompyuta yako ilikuwa ikifanya kazi vizuri hadi umeme ulipokatika usiku na kurudi, kwamba tangu hapo ukibonyeza kitufe hupati taa, feni wala mlio, na kwamba fundi amekwisha kukuambia ununue mazabodi nyingine (ule ubao mkuu unaounganisha sehemu zote za kompyuta) ingawa hakupima chochote. Nakuomba usitoe pesa bado, kwa sababu kompyuta iliyonyamaza namna hiyo ina sehemu nyingi za kushukiwa kabla ya mazabodi.

Anza na yaliyo nje. Chomeka chaja ya simu kwenye soketi ileile, kisha badilisha waya wa umeme wa kompyuta, maana plagi zetu za miguu mitatu zina fyuzi ndani, nayo huungua bila kuonyesha dalili yoyote kwa nje. Angalia pia swichi ndogo iliyo nyuma ya pawa saplai, yaani kile kisanduku kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Ikiwa hayo yote ni mazima, fungua kasha.

Hapa ndipo penye jibu lenyewe. Pawa saplai ya kawaida ya ATX (muundo unaotumika katika kompyuta nyingi za mezani), maadamu imechomekwa ukutani, hutoa volti 5 za kusubiri kupitia waya wa zambarau hata kompyuta ikiwa imezimwa, na bila volti hizo kitufe cha mbele hakina cha kuamsha. Weka multimita (kifaa cha kupimia umeme) kwenye volti za DC, kipimo cha 20, gusisha ncha nyeusi kwenye waya mweusi wowote na ncha nyekundu kwenye zambarau, ukiingilia nyuma ya kile kichwa kikubwa cha pini 24 kinachochomekwa kwenye mazabodi. Nyaya zako zikiwa nyeusi zote, tafuta pini ya 9. Unatakiwa kusoma kati ya 4.75 na 5.25.

Mwaka juzi, hapa Arua, Uganda, niliitwa katika ofisi ndogo ya kuchapa na kudurufu ambako kompyuta ilikuwa katika hali kama ya yako, na mwenye ofisi, mama mmoja ambaye kazi za wateja wake zilikuwa zimefungiwa humo ndani, alikuwa amekwisha kuambiwa kwamba mazabodi haifai tena. Nilipopima zambarau nikasoma volti 0.6. Nilichomoa waya ukutani, nikang'oa kile kichwa cha pini 24, nikarudisha umeme na kupima tena: 5.08. Maana yake pawa saplai ilikuwa nzima, ila kitu fulani upande wa pili kilikuwa kikiubana umeme huo hadi ukaanguka. Nilirudisha kichwa mahali pake, nikaanza kutoa kimoja baada ya kingine, kila mara nikichomoa ukutani kwanza: diski, ram (vibao vya kumbukumbu), kadi ya mtandao. Hakuna kilichobadilika. Nilipong'oa waya mwembamba unaokwenda kwenye matundu ya USB ya mbele, kipimo kilipanda papo hapo, na nilipobonyeza kitufe feni ikazunguka. Nikamulika tochi ndani ya tundu: ule ulimi wa plastiki ulikuwa umevunjika na vipande viwili vya shaba vimelaliana, pengine mtu alilazimisha flashi kwa kuigeuza juu chini. Mazabodi ileile inafanya kazi mpaka leo, na matundu ya mbele tumeyaacha bila kuyaunganisha.

Kwako, kwa kuwa umeme ulirudi kwa kishindo, nina wasiwasi zaidi na pawa saplai. Zambarau ikisoma sifuri hata kichwa kikiwa kimeng'olewa, hiyo ndiyo iliyokufa, nayo hubadilishwa. Usiifungue kuitengeneza mwenyewe: kapasita zake kubwa, yaani vile vipande vinavyotunza chaji ya umeme, huweza kuhifadhi zaidi ya volti 300 hata baada ya kuchomoa waya. Kabla ya kununua nyingine, hesabu pini, kwa sababu kompyuta nyingi za ofisini zinazoingizwa zikiwa zimetumika zina vichwa vya mtengenezaji mwenyewe, na pawa saplai ya kawaida haitaingia.

Zambarau ikiwa sawa na kompyuta bado imenyamaza, shuku kitufe. Chomoa waya wake kwenye mazabodi, kisha zigusishe zile pini mbili kwa ncha ya bisibisi kwa muda wa kufumba na kufumbua. Ikiwaka, umepata ugonjwa. Isipowaka, ng'oa kichwa cha pini 24 na unganisha waya wa kijani na mweusi kwa klipu ya karatasi huku umeme ukiwa umechomolewa, halafu uurudishe; feni ya pawa saplai ikizunguka na waya wa njano ukasoma karibu na volti 12, hapo ndipo mazabodi inaanza kushukiwa kwa haki.

Pima, kisha uandike hapa ulichosoma kwenye zambarau, kichwa kikiwa kimechomekwa na kikiwa kimeng'olewa. Kwa namba hizo mbili nitaweza kukuambia ushike wapi.