Usisaini Karatasi ya Kampuni ya Ndege Ukiwa Bado Kitandani

Juzi dada mmoja wa Majengo, hapa Goma, aliniandikia. Mdogo wake alikuwa anarudi kutoka ng'ambo, ndege ikatua vibaya, akaumia uti wa mgongo. Sasa watu wa kampuni wamefika hospitalini na karatasi na bahasha, wanasema akisaini leo analipwa leo. "Kaka, wewe ulipitia haya. Asaini?"

Hapana, dada. Asisaini.

Mimi yalinipata kwenye ndege ndogo iliyokuwa ikitupeleka ndani kununua mawese. Ilipotua ilitoka nje ya njia yake, kiti changu kiking'oka nami nikiwa nimefunga mkanda, na mfupa wa paja ukavunjika. Nyuzi zilikuwa hazijatolewa bado walipoingia vijana wawili wa kampuni. Karatasi ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa Kifaransa, kalamu imeshawekwa juu yake. Bahasha walikuwa wamempa mama yangu, ambaye hasomi Kifaransa. Nikaomba nisome. Juu kulikuwa na maneno ya pole, jina langu likiwa limekosewa herufi. Chini kabisa iliandikwa kwamba nimelipwa chote, na kwamba mimi na warithi wangu hatutadai tena kitu chochote. Warithi! Mtu sijaweza hata kukaa. Nikamwambia mama awarudishie bahasha yao.

Kitanda cha pili alilala baba mmoja tuliyesafiri naye. Yeye alisaini, kodi ya nyumba ilikuwa inamngoja na watoto wamefukuzwa shule. Simlaumu hata kidogo. Kidonda chake kikaja kuoza, wakampasua tena, na alipokwenda ofisini kwao kuomba msaada walimwonyesha sahihi yake. Hasira ya siku ile bado ninayo.

Kilichoniuma zaidi ni maneno. Mkubwa wao aliniambia nimshukuru Mungu kwa kuwa hai. Hata kanisani wapo walionong'ona kwamba natafuta utajiri kwa mguu wangu. Ndugu zangu, kumshukuru Mungu na kudai haki havigombani. Aliyekuokoa hakumwambia mwenye ndege asilipe dawa.

Sasa sheria, maana hapo ndipo wanapotushinda. Kama tiketi ni ya kutoka nchi moja kwenda nyingine, inayohusika ni Mkataba wa Montreal wa 1999, na Kongo yetu imo. Abiria akifa au akiumia mwilini kwa ajali iliyotokea ndani ya ndege, au wakati wa kupanda na kushuka, mwenye ndege anawajibika. Mpaka kiwango fulani hawezi kujitetea kwamba hakuzembea. Tangu Desemba 2024 kiwango hicho ni SDR 151,880, hicho ni kipimo cha pesa cha Shirika la Fedha la Kimataifa, karibu dola 200,000 kwa kila abiria. Msidanganyike, siyo zawadi ya kila aliyepanda: unalipwa hasara unayoweza kuionyesha. Ikizidi hapo bado unaweza kudai, ila yeye sasa anaruhusiwa kuthibitisha kwamba kosa halikuwa lake.

Na angalieni tiketi vizuri. Ukikata safari moja ya Goma, Kinshasa mpaka Brussels, kipande cha Goma na Kinshasa nacho kinahesabiwa kuwa cha kimataifa. Safari yangu mimi ilikuwa ya ndani tupu, kwa hiyo avoka, yaani wakili wangu, alipitia sheria ya nchi. Leo sheria ya usafiri wa anga ni namba 10/014 ya tarehe 31 Desemba 2010.

Walioumia wakiwa chini je? Sisi watu wa Goma hatuwezi kuwasahau. Tarehe 15 Aprili 2008 ndege ya DC-9 ilishindwa kupaa ikaingia mtaa wa Birere, na wengi waliokufa hawakuwa abiria. Tarehe 24 Novemba 2019 Dornier 228 ikaanguka Mapendo, kwenye nyumba za watu. Mama aliyeunguzwa akiuza unga hana tiketi, na mkataba ule wa abiria haumgusi. Lakini sheria yetu ya kiraia, ile ya 1888, kifungu cha 258 na cha 260, inasema anayemdhuru mwenzake kwa kosa lake alipe, na kwamba mtu anawajibika pia kwa watu na vitu vilivyo chini yake. Mwenye nyumba iliyoungua ana mlango wa kuingilia mahakamani. Aingie.

Tunza karatasi. Tiketi, picha za eksirei, risiti za famasi, hata za mwenye pikipiki aliyekupeleka kufungwa bendeji. Mimi mama alizitia zote kwenye mfuko wa plastiki, na avoka wa kampuni alipouliza nimetumia nini, tulizimwaga mezani. Mwombe daktari aandike asilimia ya ulemavu, lakini baada ya mwili kutulia, siyo wiki ya kwanza. Dai jina la asiransi yao, yaani kampuni ya bima, na namba ya mkataba wa bima, kwa maandishi. Watu bado wanakimbilia SONAS, bima ya serikali, kila mara, wakati sheria ya 2015 ilifungua soko hilo kwa kampuni nyingine. Na tena nasema: usisaini.

Mimi nililipwa. Ilichelewa, ilikuwa kidogo kuliko nilichoomba, na ilikuwa mara nyingi ya ile bahasha. Nilinunua kiwanja. Najivunia, sifichi.

Dada wa Majengo, Mkataba wa Montreal unampa mdogo wako miaka 2 tu ya kufungua kesi, kuanzia siku ndege ilipofika au ilipopaswa kufika. Mazungumzo yao matamu hayasimamishi hesabu hiyo. Wakileta pesa ya dawa, apokee kwa risiti inayosema ni malipo ya awali. Itakuja kukatwa kwenye jumla. Barua ya madai ipelekwe wiki hii, nakala ipigwe muhuri wa kupokelewa, na ibaki kwako wewe, siyo pale hospitalini.