Re: Kirusi cha Kanda ya Ziwa na cha Mbeya ni kimoja?

Mkuu, umeuliza kama kirusi cha UKIMWI (HIV) cha huku kwetu ni kikali kuliko cha Mbeya na kama kipimo kinaweza kukikosa. Kufanana havifanani sana, hilo kweli. HIV-1, ndo HIV iliyoenea zaidi, ina aina nyingi zinaitwa kwa herufi, Kenya na Uganda wamejaa A na D, kusini huko Malawi mpaka Sauzi ni C karibu yote, sisi tuko katikati ndo maana Mbeya C imeshika na huku Ziwa unakuta A, D na C humohumo. Nenda Mwaloni Kirumba, soko la samaki Mwanza, asubuhi, gunia za dagaa zinapakiwa kwenda Kongo, mvuvi katoka Ukerewe jana na kesho kutwa yuko visiwa vya Uganda, kirusi kinasafiri na watu tu.

Halafu kuna machotara. Mtu akiwa na aina mbili zinaweza kuingia seli moja, zikijikopi zinachanganya vinasaba, kinatoka kipya nusu A nusu D.

Ukali: tafiti za Uganda zilionyesha D inashusha CD4 (seli za kinga ya mwili) haraka kuliko A, ila hiyo ni kwa asiyemeza dawa. Kipimo cha kidole kinazishika zote (ukipima mapema mno baada ya kuambukizwa hilo jambo lingine), na TLD, kile kidonge cha ARV, inazibana zote. Mimi naogopa zaidi usugu wa kirusi kwa dawa unaotokana na kurukaruka dozi, jamaa anaenda kambi ya uvuvi kopo la dawa kaliacha nyumbani! Kama uko kwenye dawa, kule CTC (kliniki ya ARV) ulizia HVL yako, yaani wingi wa virusi kwenye damu, herufi hata hawapimi.